Krismasi Tuliyokaa Eda Takaungu

Siku ya kufungua shule mliniuliza bwenini, "Wakesho, Krismasi ilikuwaje?" nami nikajibu, "Nzuri." Mnanijua. Nikiulizwa neno mbele ya watu zaidi ya wawili, ulimi wangu hutafuta pa kujificha. Sasa nawaandikia. Someni kwa zamu, na atakayenisomea kwa sauti ukumbini wakati wa chakula, asinisemeshe mpaka Pasaka.

Kwanza hali tuliyoondoka nayo. Baba alifariki mwezi wa kumi, hilo mnalijua. Alikuwa fundi katika kiwanda cha pamba Malindi, na kanisani aliimba besi. Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, Baba akimjibu kutoka nyuma kama gari linalopanda mlima. Tulimzika kwetu Taita. Wadogo zangu wawili wakabaki huko kwa Bibi, mimi nikarudi shule, na Mama akarudi hotelini kufua mashuka, maana watalii hawaachi kuchafua mashuka eti kwa sababu dobi amefiwa.

Wafariji walikuja kwa wingi. Kila mmoja alileta kilo ya sukari na maneno yaleyale: jipe moyo, usilie, Mkristo ana tumaini. Sukari tuliimaliza. Maneno bado tunayo.

Mama, kwa bahati mbaya, ni mtu mtiifu. Hakulia kaburini wala nyumbani, na watu wakamsifu kwa imani yake. Hakuna aliyegundua kwamba aliacha na kuimba pia. Jumapili alikaa kwenye benchi mdomo umefungwa kama gunia lililoshonwa, na nyimbo zikaanzishwa na mama mwingine, ambaye huanza juu sana hata tukifika ubeti wa pili tunasikika kama kundi la watu wanaoibiwa. Nilipofunga shule nilikuwa nasikiliza kila jioni Mama akiosha vyombo. Zamani sufuria haikuoshwa bila wimbo. Sasa nilisikia sufuria peke yake. Nilianza kuogopa kwamba mwezi wa kumi nilifiwa na wazazi wote wawili, ila mmoja bado anakwenda kazini.

Na ndipo Baba mdogo akatuma neno kutoka Taita: njooni Krismasi, mje na nguo za marehemu, tuzigawe wote tukiwepo. Sikukuu njema na kwenu pia.

Malindi hadi Kilifi

Tuliondoka mkesha wa Krismasi, na tuliondoka tumechelewa, kwa sababu hoteli haikumwachilia Mama mpaka shuka la mwisho lilipoanikwa. Sanduku la nguo za Baba lilipandishwa juu ya basi. Jirani yake huko juu alikuwa mbuzi, aliyefungwa miguu, naye anakwenda Krismasi ingawa hakuna aliyemweleza anakwenda kufanya nini.

Pembeni mwa kiti chetu alikaa bwana mmoja mwenye tai. Alipoona Mama amevaa nyeusi mpaka kichwani, akavuta pumzi ya mtu aliyepata kazi. Alianza kutufariji tulipofika Gede. Msitu wote wa Arabuko ukatupita dirishani huku tukifarijiwa. Alisema Baba yuko mahali pema, alisema tusiulize kwa nini, alisema yeye mwenyewe aliwahi kupoteza ng'ombe watatu kwa mkupuo na hakumkufuru Mungu.

"Asante, mchungaji," Mama akamwambia hatimaye.

"Ah, mimi si mchungaji, mama. Mimi nauza bima." Akampa kadi.

Mama aliitia kadi kwenye mkoba taratibu, akageukia dirisha. Nilimtazama. Zamani angenifinya pajani, tungecheka mpaka Kilifi.

Feri

Kwa ambao hamjapita njia hiyo: Kilifi kuna mkono wa bahari unaoikata barabara, na kuna feri, na kuna daraja ambalo kila mwaka tunaambiwa liko njiani. Nadhani nalo linasubiri feri.

Foleni ya magari ilikuwa imefika mbali. Kina mama walipita wakiuza korosho za kuchoma na mahamri, tukanunua korosho, na utingo wa basi letu akatupigia kelele, "Abiria wote tangulieni kwa miguu. Gari litakuja safari ya pili." Basi tukatangulia, na katika haraka ile nikasahau korosho zetu kwenye kiti.

Feri ilituvusha vizuri. Ilipogusa ng'ambo ya Mnarani ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Fundi akashuka chini, akakaa huko, akapanda tena akiwa na kipande cha chuma mkononi, akatuonyesha sote kama daktari anayeonyesha jino.

"Kingine kama hiki kiko Mombasa," akasema.

"Basi kiletwe," mtu mmoja akasema.

"Kiko dukani. Duka limefungwa. Kesho Krismasi."

Hivyo ndivyo tulivyobaki ng'ambo moja na basi letu ng'ambo ya pili, karibu kiasi cha kumwona utingo amekaa ngazini anakula korosho zetu. Juu ya paa nililiona sanduku la Baba na masikio ya mbuzi. Boti ndogo zilivusha watu, lakini utingo hakukubali kushusha mzigo bila dereva, na dereva alikuwa amekwenda kujitafutia sikukuu.

Upande wetu magari yalikuwa machache na yalijaa upesi. La kwanza lilikuwa na nafasi moja. Muuza bima akaipata. Aliondoka akitupungia mkono, tumaini lote akatuachia sisi.

Mama alikaa juu ya jiwe. Hakulalamika wala hakuniuliza tufanye nini. Kilichonitisha ni kwamba alionekana hana haja ya kufika popote.

Ndipo mzee mmoja wa kike, aliyevaa buibui na kushika kikapu cha tende, akaja kusimama karibu nami. Alikuwa akitutazama tangu kwenye feri. Baadaye nilijua ni Bi Rukia, mzaliwa wa Lamu, aliyeolewa Takaungu zamani na sasa alikuwa anarudi kutoka kuwasalimu ndugu zake.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mamako mgonjwa?"

"La."

"Mbona kakaa kama aliyeagwa?"

"Amefiwa."

"Na nani?"

"Na Baba."

"Lini?"

"Mwezi wa kumi, mwishoni."

Alihesabu kwa vidole ndani ya buibui, niliona kitambaa kikicheza. "Na jina lake nani mamako?"

"Mariamu."

Sasa, rafiki zangu, nyinyi nyote mna midomo. Yeyote kati yenu angeongeza hapo maneno mawili, kwamba sisi ni Wakristo, na safari hii ingekuwa nyingine. Mimi nilijibu nilichoulizwa. Mwanamke aliyefiwa, amejifunika nyeusi, anaitwa Mariamu: Bi Rukia alikwisha kujua yote aliyohitaji kujua. Akamwendea Mama, akainama mbele yake.

"Mariamu, mwanangu. Nani kakutoa ndani?"

Mama aliinua uso. Kati ya mambo yote aliyoambiwa tangu mazishi, nadhani hili lilikuwa geni. "Kazi," akasema.

"Kazi ikutoe eda? Miezi minne na siku kumi huna hata nusu, na uko juu ya jiwe, jua linakuona, wanaume wanakuona. Inuka. Twende kwangu."

Eda mnaijua, tumekua na majirani Malindi. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani, hatoki, hajipambi, mpaka muda wake uishe. Nilimtazama Mama nikisubiri amweleze bibi wa watu ukweli. Mama akainuka, akajipangusa vumbi, akamfuata.

Pikapu ya mbata

Mpwa wa Bi Rukia, Athumani, alikuja kumchukua na pikapu iliyobeba magunia ya mbata, zile nazi zilizokaushwa. Aliposhuka kusalimia, Bi Rukia akamwambia, "Geuza uso. Mwenzio yuko edani." Athumani akageuza uso haraka hata akagonga kioo cha gari.

Mama alikaa mlangoni, Bi Rukia katikati kama ukuta wa jela, na mimi nikapewa magunia nyuma. Athumani aliendesha shingo ameitupa dirishani kwa heshima. Kwa neema ya Mungu njia ya kuingia Takaungu haina magari, ina kuku tu, na kuku wa huko wamezoea. Nilifika nikinuka mbata mpaka masikioni, na harufu hiyo nimekuja nayo shuleni, kama mlivyonieleza bila huruma.

Nyuma ya pazia

Nyumba ya Bi Rukia ina kuta nene na ua wa ndani. Mkamwana wake Saumu alipewa habari kwa maneno machache, na mara moja mambo yakaanza kwenda. Kioo kikatolewa chumbani. Chupa ya marashi ikatolewa. Pazia likatundikwa mlangoni. Wanaume wa nyumba wakaambiwa wapite mlango wa nyuma, nao wakapita, bila kunung'unika, mwanamke wasiyemjua akiwa amewafukuza kwenye sebule yao wenyewe. Kwetu hata kiti hawatuachii.

Mama akaletewa maji ya kuoga, kisha wali wa nazi na samaki wa kupaka. Alikula. Simaanishi alidonoa kama nyumbani. Alikula mpaka akakwangua sahani, nami nikajifanya sioni.

Jioni Bi Rukia alitandika mkeka nje ya pazia, akakaa hapo anasuka ukili wa mkeka mwingine, mgongo ameupa mlango. Mimi na Saumu tulikuwa uani tunachagua mchele. Sauti zilitufikia bila sisi kuzitafuta. Kwa kweli tulizitafuta kidogo.

"Umemlilia, mwanangu?"

"Watu walisema nisilie."

"Watu gani?"

"Wa kwetu."

"Kwani huko kwenu hamfi?"

"Basi sikiliza," Bi Rukia akasema, bila kugeuka. "Humo ndani huna wageni. Huna wa kumpikia, huna wa kumwonyesha uso mzuri. Anayetaka kuja kukunyamazisha ataniruka mimi hapa mlangoni, nami ni mnene."

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuijua ni ya nani. Ilianza chini, kama mtu anayevuta kitu kizito sakafuni, halafu ikafunguka. Niliangusha ungo, mchele ukamwagika, nikataka kukimbilia ndani. Saumu akanishika upindo wa gauni.

"Mwache. Huyo analia ya miezi."

"Atanyamaza lini?"

"Akimaliza. Wewe okota mchele wangu."

Nikaokota mchele. Mama alilia mpaka taa zikawashwa, na nje ya pazia vidole vya Bi Rukia havikuacha kusuka. Hakumpa aya, hakumpa ng'ombe watatu waliokufa kwa mkupuo.

Siku yenyewe

Najua mnachongojea. Msafiri Mariamu, mkesha wa Krismasi, ametafuta pa kulala. Baba mdogo amekwisha kuihubiri sawasawa, kwa hiyo msijisumbue. Mimi nasema tu kwamba sisi nafasi tulipata, na mto, na pazia, na samaki wa kupaka.

Asubuhi niliamka kwa adhana. Ilipokwisha, nikasikia kitu kingine, karibu. Mama alikuwa amekaa kitandani anaimba. Taratibu sana, kwa Kidawida, lugha ya kwetu Taita, ule wimbo wa Krismasi ambao kwetu huimbwa alfajiri kabla ya watu kupeana mikono. Sikusogea. Nilivuta shuka mpaka puani, nikawa naogopa hata kumeza mate. Alimaliza mstari wa kwanza na wa pili. Akafika pale anaponyamaza na besi huingia peke yake, akanyamaza. Hakuna kilichoingia. Na yeye hakuendelea.

Pazia likafunuka. Bi Rukia alisimama na sinia ya mahamri na mbaazi.

"Mbona umekatiza?"

"Hapo ni pake," Mama akasema. "Pake marehemu."

Bi Rukia akaweka sinia chini, akakaa. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, akatazama msalaba mdogo shingoni mwa Mama ambao jana ulikuwa chini ya leso.

"Nyinyi Wakristo."

"Ndiyo, Bibi."

"Na leo ni Krismasi yenu."

"Ndiyo, Bibi."

"Na eda hamna."

"Hatuna."

"Sasa jana mbona hukusema?"

"Nilisikia ulivyosema," Mama akajibu. "Nilikuwa nimechoka kukataa vitu."

Bi Rukia akageuka kwangu. "Na wewe, bibi harusi, kazi yako kujibu 'la' tu?" Nikatazama mbaazi. Akaanza kucheka, buibui lote likitikisika, akamwita Saumu. "Njoo uone. Nimemtia edani Mkristo, siku ya Krismasi. Athumani kaendesha gari shingo upande bure, na leo haigeuki." Saumu naye akacheka, na ndipo nikasikia cheko la tatu. Lilikuwa la Mama, limechakaa kwa kukosa kutumika, lakini lake.

"Basi nyinyi mtu akifa mnafanyaje?" Bi Rukia akauliza akijifuta macho.

"Tunaambiwa tujipe moyo."

"Moyo mnautoa wapi, na nyote mko mbioni?" Akashika pazia. "Haya, niliondoe?"

"Liache," Mama akasema. "Mpaka kesho."

Likaachwa. Athumani akaamriwa achinje kuku kwa sababu ndani kuna sikukuu, na shingo yake kweli ilikuwa upande. Tulikula pilau Mama akiwa nyuma ya pazia, na alasiri alilia tena kidogo, kisha akaniita nimsomee Injili ya kuzaliwa, mimi, kwa sauti. Nilisoma. Wasikilizaji walikuwa Mama, Bi Rukia na paka, nami nilitetemeka kama niko mbele ya jimbo zima. Nilipomaliza Mama alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi akaomba. Alimwambia Mungu kwamba amemkasirikia. Halafu akamshukuru kwa pilau. Sikujua vitu hivyo viwili vinaingia katika ombi moja.

Takaungu hadi Taita

Siku ya pili feri ilipona. Athumani alitushusha barabarani, na Bi Rukia, aliyekuja kutusindikiza, akamwambia Mama, "Ukifika huko wakikuuliza nani kakuruhusu kulia, waambie Bi Rukia wa Takaungu."

Basi letu lilipotokea, sanduku lilikuwa palepale juu. Mbuzi alikuwa amelilalia siku zote hizo, na ushahidi aliuacha kwenye kifuniko. Alikuwa mzima, mnene kidogo, na Krismasi ilikuwa imempita. Katika abiria wote wa gari lile yeye ndiye aliyefaidi zaidi, ingawa mwaka mpya ulikuwa unakaribia na sikutaka kumharibia.

Mombasa tulibadili gari, Voi tukabadili tena, na mlimani tulipanda kwenye ukungu mimi nikiwa na gauni moja la Malindi. Jamaa walikuwa wametungojea na chakula pia, yaani kimanga cha juzi, ule mseto wetu wa muhogo na maharage, kilichopashwa moto. Wadogo zangu walimrukia Mama. Bibi alimshika uso. Kisha tukakusanywa sebuleni, sanduku likawekwa katikati, na Baba mdogo, ambaye husoma masomo kanisani na hata akiomba chumvi husikika kama anasoma somo, akasimama.

Alianza na nafasi katika nyumba ya wageni. Akaja kwenye jipe moyo. Mama alikuwa amefungua sanduku na kushika koti la Baba la Jumapili, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, bila kujificha.

"Shemeji," Baba mdogo akasema, "tusilie. Sisi ni watu wa tumaini."

"Nimeruhusiwa," Mama akajibu.

"Na nani?"

"Bi Rukia wa Takaungu."

Watu wakatazamana. Shangazi mmoja akamnong'oneza mwenzake, akidhani ni kiongozi mpya wa akina mama wa dayosisi.

"Shemeji," Mama akaendelea, kwa upole, "Yesu alisimama kaburini kwa rafiki yake. Alijua atamtoa, punde hivi. Na bado alilia kwanza. Mimi nisiyejua kumtoa mtu kaburini ndiye ninyamaze?" Akamnyooshea koti. "Chukua. Marehemu alisema liwe lako."

Baba mdogo akalivaa. Mikono ilimpita mpaka kwenye kucha, kwa maana Baba alikuwa mrefu. Alifungua mdomo aendelee na mahubiri, akainusa mikono ya lile koti, bado ina harufu ya Baba, na mahubiri yakaishia hapo. Alikaa chini, akafunika uso kwa koti la kaka yake, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni, na sebule yote ikamfuata. Hakuna aliyemkataza. Tulikuwa tumeruhusiwa.

Nguo zilipokwisha kugawiwa, Bibi akasema Krismasi haijaimbwa mwaka huu. Mimi nilishika ukingo wa benchi. Mama akajifuta kwa leso na kuanzisha, si juu sana wala si chini, mahali pake pa siku zote. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Sote tukaingia, tukafika pale pa besi, na sote tukanyamaza kwa pamoja bila kuambiana. Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati. Nilimtazama Mama. Alikuwa amegeuza kichwa kidogo upande wa nyuma, kule alikokuwa akisimama Baba, na kidole chake kilikuwa kinapiga mapigo gotini polepole. Alingoja mstari mzima wa Baba uishe. Kisha akavuta pumzi, akaendelea.